Gunzi Lililotaka Kumkata Shija Mguu

Mjukuu wangu mmoja anasomea kazi ya maabara. Juzi alikuja kunitembelea hapa Shinyanga akanionyesha kwenye simu picha ya mashine yao mpya. Unaiwekea damu huku, inakutolea jibu kule, wewe unakunywa chai. Nikamwuliza, mashine ikikosea nani anaona aibu? Akacheka. Mimi sikucheka, maana aibu ndiyo iliyonifundisha kazi. Basi nikaona niwaandikie ninyi nyote mliovaa koti jeupe juzijuzi, kabla hii miwani yangu ya pili haijapotea kama ya kwanza.

Jina langu Zuhura. Baba yangu alikuwa Mzaramo aliyeletwa Shinyanga na kazi ya reli, akaoa, akasahau kurudi. Nilizaliwa nyuma ya stesheni, nikajua Kisukuma cha sokoni kabla ya kujua kusoma, na nilipomaliza mafunzo nikapangiwa hospitali moja ndogo upande wa Geita, karibu na machimbo ya dhahabu. Jina la hospitali sitalitaja. Mkifika mbele mtaona sababu.

Maabara yangu ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja, na dirisha lile lilikuwa na thamani kuliko mimi, kwa sababu hadubini yetu haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo chini. Unakielekeza kwenye jua, mwanga unapanda mpaka jichoni. Wingu likipita, kazi inasimama. Nimewahi kumwambia mgonjwa arudi kesho kwa sababu ya mawingu, naye akakubali bila kuuliza, akidhani ndivyo dawa zilivyo. Mbuzi wa jirani naye alipenda kusimama pale dirishani saa nne hasa, na mara nyingi niliandika majibu ya kinyesi huku nimeshika fimbo.

Rangi ya Gramu ninyi mnaijua kwa kuisoma. Mimi naijua kwa nguo zangu zote zilivyoharibika. Unapaka usaha kwenye slaidi, unaukausha juu ya moto, unamwagia rangi ya zambarau, halafu ayodini, halafu unasuuza kwa spiriti, mwisho unamwagia nyekundu. Kuna wadudu ambao spiriti haiwafanyi kitu, wanabaki na zambarau yao. Hao ni gramu chanya. Wengine spiriti inawavua zambarau mara moja, wanaishia kuvaa nyekundu. Hao ni gramu hasi. Siku za mwanzo mimi nilikuwa naosha sana kwa spiriti, kwa hiyo kwangu kila mdudu alikuwa mwekundu, na wilaya nzima ikaonekana ina ugonjwa mmoja.

Aliyenitoa huko ni Daktari wetu. Ndivyo tulivyomwita, Daktari, kwa kuwa alikuwa mmoja tu. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, anayependa kufundisha popote anaposimama. Siku hiyo alinitoa nje akanionyesha mji wa Msukuma mmoja jirani, nyumba yake ya udongo imezungushiwa ua wa minyaa. Akanieleza kwamba gramu chanya ni nyumba yenye ukuta mnene isiyo na ua. Penisilini haiubomoi ukuta ule, ila inamfukuza fundi anayeukandika, basi mvua ikinyesha nyumba inaporomoka yenyewe. Gramu hasi ukuta wake ni mwembamba hata unaona haya kuutazama, lakini nje yake amezungusha ua, utando wa mafuta, wenye vilango vidogo vidogo. Dawa ndogo inapenya kilangoni. Dawa kubwa inabaki nje ya minyaa inapiga hodi mpaka inachoka. Akasema tena kuna wadudu wengine ambao vilango vyao ni vichache na vimebana mno, na hao ndio wa kuogopa. Mambo ya pampu, kwamba dawa ikiingia kuna mdudu anayeitema nje, hayo nimekuja kuyasikia nikiwa na mvi.

Tukiwa bado tunanyoosha vidole, mwenye mji akatoka mbio, jembe mkononi. Alikuwa amesikia habari za ukuta kuporomoka. Kumbe miaka michache nyuma alihamishwa na watu wa kupanga vijiji, na watu wale nao walianza kwa kusimama njiani na kunyoosha vidole. Daktari alitumia robo saa nzima kumweleza kwamba tulikuwa tunazungumzia usaha. Yule baba hakuamini mpaka leo, kama yu hai.

Sasa turudi kwenye gunzi. Ilikuwa miaka ile ya kukosa kila kitu. Sabuni foleni, sukari foleni, na mtu akiona foleni anajiunga kwanza ndipo anauliza kinachouzwa. Hospitalini kwetu vilikwisha vizibo vya chupa. Tukawa tunaziba kwa pamba na karatasi. Inzi wanaingia, spiriti inaishia hewani, Daktari ananuna.

Jioni moja nilikuwa nyumbani napukuchua mahindi, nikajikuta nimeshika gunzi nalitazama. Gunzi kavu ni jepesi, linachongeka kwa kisu cha jikoni, na likilowa linavimba kidogo likakaza. Nikachonga moja, nikalichemsha, nikaenda kulisukuma kwenye mdomo wa chupa ya ayodini. Likakaa vizuri kabisa. Wiki mbili baadaye hospitali nzima ilizibwa kwa magunzi, kuanzia chumba cha kuzalishia mpaka stoo. Daktari alinisifu kwenye mkutano wa asubuhi, watu wakanipigia makofi, na Mzee Luhende akasimama akanibatiza jina mbele ya wote: Injinia Magunzi. Kwa nje nilikasirika. Ndani nilifurahi mpaka nikakosa usingizi.

Huyu Mzee Luhende alikuwa ndiye dresa, yaani mfunga vidonda. Msukuma wa Tinde, mrefu, mikono mikubwa, lakini akifungua bendeji mgonjwa hasikii. Wasukuma na Wazaramo ni watani, kwa hiyo asubuhi namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, heshima inaishia hapo. Kuanzia hapo mpaka saa tisa alasiri ni kuniambia kwamba Wazaramo tunacheza ngoma mpaka tunasahau kulima, na mimi kumwambia kwamba Msukuma hata akifa ataulizia ng'ombe wake wamenywa maji.

Mzee Luhende alikuwa na chupa kubwa ya kioo ya galoni, aliyoiita Mama. Humo ndimo alimochanganya setrimaidi, ile dawa ya njano yenye povu ya kusafishia vidonda. Fahari yake kubwa ilikuwa kwamba Mama hajawahi kukauka tangu yeye aanze kazi. Ikipungua anaongeza dawa, anaongeza maji, anatikisa, anaziba. Kwao, alisema, mtungi ukikauka ni mkosi. Hakuna aliyeona ubaya, na mimi Mama nilimchongea gunzi zuri kuliko yote, refu, lenye kichwa cha kushikia.

Katika hali hiyo ndipo akaletwa Shija. Alikuwa kijana wa machimboni, ameangukiwa na jiwe kwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, likamchana muundi wa mguu wa kulia. Kidonda kirefu lakini cha kawaida. Ila dhahabu ilikuwa kibarua tu kwake. Shija alikuwa mcheza ngoma. Baada ya mavuno makundi ya Wasukuma hushindana kucheza, na watu wanalikimbia kundi moja kwenda jingine kumfuata mchezaji hodari. Kundi la kina Shija lilikuwa limesimama juu ya miguu yake miwili, na mama yake, Mama Shija, aliyekuja kumuuguza, aliwaeleza hivyo wagonjwa wote wa wodi ile, kitanda kwa kitanda, kisha akaanza upya.

Siku za kwanza kidonda kilikwenda vizuri. Mzee Luhende alikisafisha kila asubuhi kwa dawa ya Mama, ile chupa yake, Shija akachomwa penisilini, akawa anatingisha vidole vya mguu kwa mdundo chini ya shuka. Wiki ya pili bendeji ikatoka na rangi. Usaha wake ulikuwa kijani cha kuelekea bluu, kama mrututu, na ulikuwa na harufu tamutamu ya kuchefua. Penisilini ikaendelea, kijani kikaendelea. Wakamwongezea tetrasaiklini, vile vidonge vya rangi mbili, kijani kikazidi. Nikapaka slaidi nikakuta vijiti vyembamba vyekundu, vimejaa. Nikampelekea Daktari jibu, gramu hasi. Akasema neno moja tu, "Minyaa." Akaagiza jentamaisini, dawa inayopita vilangoni, kutoka Mwanza. Jibu likarudi kwamba haipo. Likaja na habari nyingine, kwamba daktari wa upasuaji atapita kwetu Alhamisi, na kama mguu ule utakuwa bado hivyo, aukate kabla sumu haijapanda.

Mama Shija alipoambiwa hakulia. Alikaa kitandani akaushika ule mguu mzima, wa kushoto, akawa anaupapasa. Nilitoka nje nikajifanya naangalia hali ya mawingu.

Wachimbaji wenzake Shija nao walikuja kumwona, wakiongozwa na Maganga, mkubwa wa duara lao. Maganga aliiangalia bendeji, akainusa, akaiangalia tena upande wa dirishani. Kwao, mwamba ukionyesha kijani si bure, kuna kitu chini. Wakatoka nje kushauriana. Nilidhani wanamwombea. Nilipopita nyuma ya wodi kwenda kumwaga maji, nikawakuta watu wanne wamechuchumaa na karai, wanaosha bendeji za Shija kwa utaratibu wote wa kuosha dhahabu, karai linazungushwa, maji yanamwagwa kidogo kidogo, na Maganga amekodoa macho.

Nilipowauliza wanafanya nini, Maganga alisimama akavua kofia akanisalimu vizuri, kisha akanieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto: "Sista, huyu dogo jiwe lilimwingia. Mguu huu una mwamba. Mkiukata, tunaomba tupewe sisi, msiutupe."

Nikainama nikazinyakua zile bendeji. Karibu wapigane na mimi kwa ajili ya bendeji chafu. Mbaya zaidi, chini ndani ya karai kitu kiling'aa, wakapiga kelele, ikabidi Mzee Luhende aje awathibitishie kwamba ile ni pini yake ya kufungia bendeji, na amekuwa akiitafuta tangu asubuhi. Tulizichoma bendeji zile huku Maganga akitutazama kwa huzuni ya mtu anayeona mali inaungua.

Lakini Maganga alinisaidia bila kujua. Nilijisemea, kama hawa wanaosha matambara kutafuta dhahabu, mimi niliyesoma nimekaa tu nasubiri Alhamisi? Nilikuwa na unga kidogo wa agari, ule wa kugandishia chakula cha wadudu, niliokuwa naubania kwa miezi. Nikachemsha mchuzi wa nyama ya mbuzi, bila chumvi wala kitunguu, ili niuchanganye na agari nioteshe wadudu wa Shija na kuwajaribia dawa moja moja. Niliuweka bakulini upoe. Niliporudi nikakuta bakuli tupu, na Mzee Luhende akiwa mlangoni, anafuta mdomo, ananiambia kwamba sasa ameelewa kwa nini Wazaramo hawaolewi Usukumani. Nikapika mara ya pili, na safari hii nililifunika bakuli kwa karatasi iliyoandikwa sumu.

Vidonge vya kujaribia dawa hatukuwa navyo. Nilichukua karatasi ya kuchujia, nikaitoboa kwa kile kitoboleo cha ofisini cha kutobolea mafaili, nikapata viduara vizuri sana. Kimoja nikakichovya kwenye penisilini, kingine tetrasaiklini, kingine kloramfenikoli, kingine salfa. Ukivipanga juu ya sahani yenye wadudu, dawa inayowaua inaacha duara safi kuizunguka. Na kila jaribio, vijana wangu, lazima liwe na mashahidi, kitu ambacho unajua tayari kitafanya nini, ili upate cha kulinganishia. Basi nikachovya kiduara kimoja kwenye maji matupu. Hicho kisiue kitu. Na mchuzi uliobaki kwenye chupa ndogo nikautia tone la setrimaidi kutoka kwa Mama. Humo kisiote kitu. Nilikuwa na mafua makali siku ile, pua imeziba kabisa. Lishikeni hilo.

Asubuhi yake, Jumanne, nikafungua. Sahani nzima kijani. Penisilini, wadudu wameota mpaka wameikumbatia. Tetrasaiklini hivyo hivyo. Kloramfenikoli na salfa hata sina haja ya kusema. Ila pembeni kulikuwa na kiduara kimoja kilichozungukwa na uwazi mkubwa, msafi. Nikasoma alama yangu. Maji.

Nikaangalia ule mchuzi wenye setrimaidi, ambao haukutakiwa kuota hata kitu kimoja. Ulikuwa kijani kuliko vyote.

Mashahidi wangu wote wawili walikuwa wamenigeuka. Maji yanaua, dawa inaotesha. Mtu mwenye akili angekaa chini afikiri. Mimi nilitoka mbio uani nikitangaza kwamba nimegundua dawa ya usaha wa kijani, na dawa yenyewe ni maji. Mama Shija akanisikia, akakimbilia mtungi. Maganga, aliyekuwa amekuja kumwona Shija, akauliza maji ya wapi, ya ziwani au ya kisima. Daktari akanishika mkono taratibu, akanigusa kipaji cha uso kuona kama nina malaria.

Mzee Luhende ndiye aliyeingia maabara, akainua ile chupa ya maji, akang'oa gunzi, akanusa. Akanitazama kwa furaha ambayo mtani huipata mara moja katika maisha yake.

"Injinia," akasema, "maji ya kwenu Uzaramo yananuka siki?"

Ilikuwa ni asidi asetiki, siki kali ya maabara, ile tunayodondoshea kwenye mkojo uliochemshwa kuangalia protini. Haina rangi, inafanana na maji, na ilikuwa kwenye chupa ya aina moja na ya maji, imezibwa kwa gunzi la aina moja, zikiwa zimesimama bega kwa bega rafuni bila jina, kwa sababu Injinia alikuwa anajua chupa zake kwa kunusa. Na siku ile Injinia alikuwa na mafua.

Watu wote wakacheka, hata Daktari. Mimi nilicheka nao, halafu nikaona kicheko kinaniishia mdomoni. Kama chupa ya maji imeelezeka, je, ile ya setrimaidi? Nikaenda chumba cha vidonda, nikang'oa gunzi la Mama, lile zuri lenye kichwa, nikalipasua kwa kisu. Katikati, kwenye ule moyo laini wa gunzi, palikuwa na utelezi wa kijani.

Nilikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Gunzi nililichemsha siku ya kwanza, kweli, lakini kila siku lilikuwa linanyonya dawa, linashikwa na mikono, linarudishwa mdomoni mwa chupa. Setrimaidi inapunguzwa makali na vitu kama gunzi, tena ilikuwa imezimuliwa na maji kwa sababu ya uhaba, na Mama hakuwahi kumwagwa wala kuoshwa. Yule mdudu mwenye ua wake mgumu alikuwa amejenga mji ndani ya kizibo changu, na kila asubuhi tulikuwa tunamchota na kumpeleka kwenye mguu wa Shija, kwa mikono misafi, kwa nia njema.

Sitawadanganya. Choo cha shimo kilikuwa hatua kumi kutoka pale. Ningelitupa gunzi, ningemwaga Mama, hakuna mtu angejua mpaka leo, na ningebaki Injinia. Niliinuka kabisa. Niliogopa kufukuzwa kazi, na zaidi ya hapo, nakiri, niliogopa kicheko. Lakini nikafikiri kwamba tutamtia Shija siki, halafu kesho tutakisafisha kidonda kwa dawa gani? Na chupa nyingine zote zenye magunzi, chumba cha kuzalishia, watoto wachanga? Nikalifunga gunzi kwenye kitambaa nikaenda nalo kwa Daktari.

Daktari aliligeuza geuza kwa muda mrefu. Akasema gunzi nilichonga mimi, lakini yeye ndiye aliyelisifu mkutanoni bila kuuliza, kwa hiyo tuko wawili. Mzee Luhende, aliyekuwa amenifuata, akasema tuko watatu. Akaenda mwenyewe akambeba Mama, akammwaga, akamwosha, akamwegesha juani akiwa mtupu, akapita akang'oa magunzi yote ya hospitali, na siku nzima hakunitania. Hilo liliniuma kuliko kugombezwa.

Kisha nikaenda wodini. Mama Shija alikuwa na mtungi wake wa maji tayari miguuni. Nilimpigia goti kama wanavyofanya Wasukuma kwa mkubwa, nikamwambia ukweli wote, Shija anasikia, wodi nzima inasikia: kwamba jiwe lilimchana tu, aliyemtia wadudu ni mimi, gunzi langu ndilo hili, na dawa yenyewe si maji, ni siki.

Alilichukua. Akalitazama ndani na nje, kisha akanitazama mimi.

"Ng'wanawane," akasema, mwanangu, "gunzi sisi tunakokea moto. Nani alikutuma ufunike nalo dawa?"

Akaendelea kunitazama, nikaona machozi yanamlenga, nikajua sasa ananilaani. Akasema: "Haya, nyanyuka. Umelileta mwenyewe. Sasa leta na hiyo siki."

Tukaizimua asidi vizuri mpaka ikawa haiunguzi ngozi, tukalowesha shashi, tukamfunga Shija asubuhi na jioni. Asidi ile chembe zake ni ndogo mno. Pale ambapo penisilini ilibaki inapiga hodi, yenyewe inapenya kwenye minyaa. Shija alipiga kelele zilizofika machimboni. Maganga alikuja na wenzake, akanusa, akauliza kama sasa tumeanza kumkaanga. Jumatano kijani kikafifia. Jumatano jioni harufu ikaondoka, au tuseme ilibadilika.

Alhamisi daktari wa upasuaji akafika na sanduku lake la vyuma. Alifungua bendeji, akabonyeza, akainama akanusa, akainuka akatuuliza kwa nini mguu wa mgonjwa unanuka achari. Chini palikuwa pekundu, pasafi, nyama mpya inaanza. Akafunga sanduku bila kulifungua vizuri, akasema atapita tena mwezi ujao. Mwezi uliofuata Shija alikuwa ameshakwenda kwao. Aliyesikitika ni Maganga peke yake, aliyesema mpaka mwisho kwamba mwamba ulikuwepo, sisi tukaufukia.

Sasa msiende kumwagia watu siki, nitawasikia. Siku hizi dawa zipo, na wadudu nao wamesoma zaidi. Ninalowaachia ni dogo: andikeni jina kwenye chupa hata mkiwa na pua za mbwa. Chupa ya dawa ikipungua msiijazie juu, imwageni, ioshwe, mwanzo mpya. Na shahidi wenu akiwageuka, msikimbilie uani, kaeni mumsikilize.

Mavuno ya mwaka ule nilikwenda kumwona Shija akicheza. Kovu lilikuwa linang'aa kwenye muundi, na vumbi lake lilinifikia nilikokuwa nimekaa na Mzee Luhende, ambaye alikuwa ameanza tena kunitania, alhamdulillahi. Tangu mwaka ule, kila mavuno mpaka alipofariki, Mama Shija alikuwa akiniletea gunia la mahindi. Wasukuma wengine wakikuletea mahindi wanakuletea yakiwa kwenye magunzi, upukuchue mwenyewe. Yeye aliyapukuchua punje kwa punje kwa mikono yake, na mletaji alikuwa na salamu ile ile kila mwaka, kwamba Mama Shija anasema ule vizuri, na magunzi yote ameyachoma yeye mwenyewe.